Jina la Mellen Halikusomwa

Afisa wa tarafa alipomwambia Zilpah kwamba serikali imeamua kumpa nishani ya taifa, Zilpah aliuliza neno moja tu.

"Na Mellen?"

Afisa alikuwa kijana mpole, mgeni Migori. Alitazama karatasi zake, kisha akamtazama mama aliyeketi mbele yake na kibeti mapajani, sindano zikiwa bado zimechomekwa kwenye blauzi kwa sababu alikuwa ameitwa kutoka kwenye cherehani.

"Mellen ni nani?"

"Ndiye tulianza naye."

"Yuko wapi sasa?"

"Alihamia Tanzania."

"Basi mama, hapo siwezi kukusaidia. Majina yametoka Nairobi, na lililotoka ni lako. Sikukuu ya Jamhuri utaenda Kisumu, mkuu wa mkoa akuvishe mbele ya watu. Furahi tu."

Zilpah alishukuru kwa adabu, akarudi barazani kwake. Alikuwa anashona sare za shule siku hiyo. Alikaa, akaweka mguu kwenye kikanyagio, lakini gurudumu halikuzunguka kwa muda mrefu.

Ilikuwa mwaka wa 1996, na Mellen alikuwa ameondoka tangu 1993.

Sisi tuliokaa Migori miaka hiyo tuliwazoea wawili hao kama mtu anavyozoea milango miwili ya duka moja. Zilpah alikuwa amezaliwa Rodi Kopany, ndiyo maana kila mtu, hata mumewe Job, alimwita Nyar Rodi, binti wa Rodi. Mwanamke mwenye mtoto huitwa kwa jina la mtoto wake, na Mungu hakuwa amewajalia Zilpah na Job mtoto. Job alitengeneza baiskeli karibu na posta. Zilpah alishona kwenye baraza la duka la nguo, upande wa soko.

Mellen aliuza wimbi na ndizi kwenye ngazi za baraza hilohilo. Alikuwa Mkuria, mke wa Nyamhanga, mwanamume aliyefanya kazi katika ghala la tumbaku. Alikuwa mama wa Sammy na wasichana wawili. Zilpah hakujua Kikuria, Mellen hakujua Dholuo, kwa hiyo urafiki wao wote ulikuwa wa Kiswahili, kile cha sokoni, kilichojengwa nusu kwa maneno na nusu kwa mikono. Mellen alikuwa na sauti kubwa na hakuona haya kuuliza mtu jambo lolote. Zilpah alikuwa mtu wa kusikiliza. Mchana Mellen alimenya ndizi mbivu, akamtilia Zilpah kinywani ili asichafue kitambaa, na wote wawili wakaendelea na kazi zao.

Jambo lililowabadilisha lilitokea siku moja ya mvua. Mwanamke mjamzito aliyekuwa amekuja kwa miguu kutoka vijiji vya ndani vya Uriri alipita sokoni akielekea hospitali, akiwa ameshika ukuta. Alipofika barazani kwao hakuweza kuendelea. Mellen alimlaza kwenye magunia ya wimbi. Zilpah alining'iniza mapazia ya mteja mmoja ili watu wasione, kisha akapiga magoti kumshika mkono. Mtoto alitoka hapo hapo, mvua ikipiga bati, na hakulia. Mkunga aliyeitwa kutoka hospitali alikuta mambo yamekwisha. Mama yule alipona. Alipoketi, alisema tu kwamba alianza kusikia uchungu tangu usiku, na gari halikuja.

Jioni, wakisafisha baraza, Mellen alisema, "Kama angekuja wiki jana, akalala kwangu, leo angetembea kidogo tu na kufika hospitali."

"Angejuaje kwamba anaweza kulala kwako?"

"Hiyo ndiyo shida. Hakuna aliyemwambia."

Basi Mellen alianza kuwaambia. Kila mnunuzi wa wimbi aliyetoka mbali aliambiwa kwamba kama kwao kuna mwanamke ambaye siku zimekaribia, aje angojee kwa Mama Sammy. Walianza kuja. Walilala kwenye chumba cha watoto wake, kisha na kwenye sebule ya Zilpah. Job akawa analala jikoni, akisema ni kwa sababu ya joto la moto. Chumba kikakodishwa karibu na hospitali, nacho kikajaa. Hapo ndipo wale wanawake wawili walipoamua kujenga nyumba.

Kuomba kulikuwa kazi ya Mellen. Jumamosi alisimama nje ya kanisa la Sabato, Jumapili nje ya Katoliki, na siku za katikati alipita madukani. Hakuomba pesa. "Nipe bati moja," alisema. "Likivuja nitakuja kukuuliza wewe." Watu walicheka, na mtu akicheka mkono wake hulegea. Zilpah alisimama nyuma yake na kumbukumbu yake nzuri, akijua nani ameahidi misumari, nani mchanga, na nani ameahidi mara mbili bila kuleta.

Mwaka wa 1991 waliandaa matembezi ya hisani kutoka Migori mpaka Homa Bay. Wanasiasa kadhaa walitaka kutoa fulana zenye picha zao. Mellen aliwakaribisha waje watembee kwanza, ndipo fulana zizungumziwe, na hakuna aliyekuja. Wanawake walitembea wakiwa wamejifunga shali za watoto, mikebe ya michango mikononi. Walipitia Uriri, wakalala kanisani Awendo, wakalala tena Rongo, na siku iliyofuata jioni wakaingia Rodi Kopany wakichechemea.

Mama mzazi wa Zilpah alikuwa hai bado. Alipoona nyayo za Mellen zilizojaa malengelenge, alichemsha maji, akatia chumvi, akakaa chini na kuziosha mwenyewe. Mama hakujua Kiswahili. Alisema maneno yake kwa Dholuo, na Mellen akamjibu kwa Kikuria, na wote wawili walionekana kuelewana vizuri kuliko Zilpah alivyoelewa. Baadaye mama alimvuta binti yake kando.

"Huyu usimwache," alisema.

Asubuhi waliteremka mpaka Homa Bay. Watu wengi walikuwa wamejipanga barabarani, na mikebe ilikuwa mizito. Hotuba zilipokwisha, Mellen aliomba apelekwe ziwani. Hakuwa amewahi kuliona kwa karibu. Alivua ndala, akaingiza miguu yake iliyouma ndani ya maji, akatazama mbele mpaka maji na mbingu vinapokutana. Kwa mara ya kwanza tangu Zilpah amjue, alinyamaza.

"Nyar Rodi," alisema mwishowe, "mbona hukuniambia ni kubwa hivi?"

Zilpah aliikumbuka asubuhi hiyo kuliko siku yoyote nyingine ya maisha yake, hata kuliko harusi yake. Alimwambia Job hivyo mara moja, na Job, ambaye hakuwa mtu wa wivu, alisema anaamini.

Nyumba ilisimama mwaka uliofuata. Vyumba vinne, jiko la nje, na upande mmoja wa paa ukiwa bado wa turubai kwa sababu mabati hayakutosha. Watu waliiita Nyumba ya Kungojea. Wanawake walifika na matumbo yao, wakapika pamoja, wakasukana nywele, na siku ikifika wakasindikizwa mpaka hospitali polepole, wakipumzika njiani.

Kisha baba yake Nyamhanga akafa, ng'ambo ya mpaka, upande wa Tarime. Kulikuwa na shamba, na kulikuwa na ndugu waliokuwa wanalitazama shamba hilo. Nyamhanga alisema lazima arudi akae juu yake, la sivyo watoto wake watakuwa wageni kila mahali. Mellen alikuja barazani asubuhi bila kikapu cha ndizi.

"Tunaenda," alisema.

"Kwa muda gani?"

"Nyamhanga anasema mpaka mambo ya shamba yatulie. Miezi tu."

"Na wewe unasemaje?"

Mellen alichukua kipande cha kitambaa kilichoanguka, akakikunja vizuri kabisa. "Mimi ninasema miezi tu."

Siku ya kuondoka kwao, mwanamke mmoja katika Nyumba ya Kungojea alishikwa na uchungu ghafla, kabla ya wakati, na Zilpah akaondoka naye kwenda hospitali. Alipotoka, lori lililobeba vitu vya akina Nyamhanga lilikuwa limeshapita darajani. Mellen alikuwa ameacha debe la wimbi mlangoni pa Zilpah, limefunikwa kwa leso yake. Debe lilirudi kutumika. Leso Zilpah hakuwahi kuifunga kiunoni. Aliifua, akaikunja, akaiweka.

Miezi ilipita, na mwaka nao. Zilpah alituma salamu kwa wafanyabiashara waliovuka mpaka pale Isebania. Mara mbili alipata majibu: kwamba Mama Sammy mzima, kwamba anaulizia mabati. Baada ya hapo kukawa kimya. Wafanyabiashara waliacha kwenda upande ule kwa sababu ya wizi wa ng'ombe na mapigano yake, na waliobaki hawakumjua.

Kazi ya kuomba ikawa ya Zilpah. Mara ya kwanza aliposimama nje ya kanisa peke yake, sauti ilikataa kutoka. Watu walisimama kwa heshima wakimngoja. Mwishowe alisema yale maneno ya Mellen, nipe bati moja, likivuja nitakuja kukuuliza wewe, na watu wakacheka kama zamani. Aliporudi nyumbani alilala mchana kutwa uso ukitazama ukuta. Jumapili iliyofuata alikwenda tena. Paa lilikamilika. Mwaka 1995 akina mama wa Homa Bay walimwomba awasaidie kujenga yao, akawa anakwenda huko kila mwezi, na huko nako nyumba ikasimama. Kila aendapo alipitia ziwani kabla ya kurudi. Hakuingia majini. Alisimama tu.

Hivyo ndivyo jina lake lilivyofika Nairobi.

Usiku alipomweleza Job habari ya nishani, alisema hataki kwenda.

"Nitasimamaje pale kuvishwa kitu cha watu wawili?"

Job alikuwa anapangusa grisi vidoleni. Alifikiri kidogo. "Siku hiyo majina husomwa redioni," alisema. "Na Tarime wanashika redio ya huku. Nimewasikia watu wa Sirare, ng'ambo ya mpaka, wakibishana habari za mpira wetu."

Zilpah alimtazama.

"Akisikia jina lako atajua uko wapi na unafanya nini," Job alisema. "Labda atakuja."

Kwa sababu hiyo, na si nyingine, Zilpah alikubali. Alijishonea gauni la rangi ya samawati lenye kola nyeupe. Alisafiri Kisumu siku moja kabla, akalala kwa jamaa wa Job. Job alibaki ili asikilize redio, kwa kuwa walitaka kuwa na uhakika.

Uwanjani jua lilikuwa kali. Askari walipita kwa gwaride, watoto wa shule wakaimba, hotuba ya Rais ikasomwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Waliopewa nishani walipangwa kwenye viti vya mbele: mwalimu mstaafu, askari aliyeokoa watu kwenye mafuriko, mtawa mmoja, na wengine. Zilpah aliitwa karibu na mwisho. Mkuu wa mkoa alimchomeka nishani kwenye gauni kwa uangalifu, akamwambia, "Taifa linakushukuru, mama." Ilikuwa ndogo, ya rangi ya shaba, na utepe. Watu walipiga makofi. Zilpah aligeuka kuwatazama, na ingawa alijua ni upuuzi, macho yake yalipita safu baada ya safu yakitafuta kichwa kimoja.

Baada ya sherehe mwandishi wa redio alimfuata na kinasa sauti, akamwomba aseme anajisikiaje.

"Ninaweza kusema na mtu?" Zilpah aliuliza.

"Sema tu, mama."

Akasogea karibu na ile mashine. "Mama Sammy, ni mimi, Nyar Rodi. Kama unanisikia, paa limekwisha, halivuji. Homa Bay pia tumejenga. Njoo uone. Hata kwa siku moja."

Mwandishi alimshukuru, akaenda kwa mtu mwingine.

Alipofika Migori kesho yake, Job alikuwa anamngoja kituoni. Alimpokea mfuko, wakatembea kidogo.

"Walisema nini?" Zilpah aliuliza.

"Walisoma majina."

"Na yale niliyosema?"

Job hakupenda kusema uongo. "Majina tu. Na lako walilisoma vibaya. Walisema Zilfa."

Hata hivyo Zilpah alingoja. Krismasi ilipita, na Januari. Watu walikuja kumpongeza na kutaka kuiona nishani, naye aliwaonyesha, akawapa chai. Kila gari lililotoka Isebania liliposimama karibu na soko, mguu wake uliacha kukanyaga. Mteja mmoja alilalamika kwamba gauni lake lina mishono iliyorukwa, na ilikuwa kweli.

Mwezi wa pili aliacha kungoja. Alifunga cherehani, akachukua nishani na ile leso, akavuka mpaka.

Sirare alimpata mzee aitwaye Mwikwabe, mnunuzi wa ngozi, aliyejua boma la baba yake Nyamhanga. Mzee alimpandisha gari la mizigo mpaka Tarime, kisha akamwelekeza njia ya miguu inayopanda kilimani. Zilpah alitembea akiuliza. Kiswahili cha huko kilikuwa laini zaidi, na watu walimwita "mama mgeni" kila alipofungua kinywa.

Alimkuta Mellen shambani, ameinama kwenye wimbi, anapalilia. Alimjua kwa mgongo. Alisimama pembeni ya shamba. Mellen ndiye aliyeinuka kupumzisha kiuno, akageuka.

Walitazamana. Mellen aliweka jembe chini taratibu. Nywele zake za mbele zilikuwa zimegeuka nyeupe, na alipokuja alitembea akivuta mguu mmoja.

"Nyar Rodi," alisema. "Umekuja kwa miguu?"

"Kutoka barabarani."

"Na jua lote hili."

Wakashikana, wakakaa hivyo.

Walikaa kivulini nyuma ya jikoni mchana wote. Watoto wengi walipita na kusalimia. Ndugu yake Nyamhanga alikuwa amefariki na mkewe, na Mellen alikuwa ndiye mama wa watoto wao sasa. Aliuliza habari za Migori kwa majina: yule wa Uriri aliyepoteza mtoto barazani, je, alipata mwingine? Alipata, Zilpah alimwambia, wavulana wawili, na wote walingojewa katika nyumba. Mellen alifunga macho akasikiliza jibu hilo kama mtu anayekunywa maji.

"Ulinisikia redioni?" Zilpah aliuliza.

"Redio gani? Tuliuza redio mwaka juzi."

Zilpah akaitoa nishani kibetini. Alieleza ilivyokuwa, Kisumu, gwaride, mkuu wa mkoa. Mellen aliishika, akaigeuza, akaipangusa kwa kidole gumba.

"Nimekuletea," Zilpah alisema. "Kaa nayo."

"Hapana."

"Ni wewe ulianza."

"Mimi nilianza. Wewe ulibaki." Akairudisha mkononi mwa Zilpah na kuvifunga vidole vyake juu yake. "Ungeniona huku, Nyar Rodi. Hapa pia wanawake wanazaa njiani. Ninawaona wakipita. Kila mara ninasema nianze, na sijaanza kitu. Nikifungua mdomo kuomba, ninageuka nyuma, hakuna mtu."

"Rudi basi."

Mellen alitazama wale watoto. Mmoja mdogo alikuwa amelala na kichwa kwenye paja lake, nzi wakitembea shavuni, naye aliwafukuza kwa mkono bila kukatiza maneno.

"Ningerudi na nani, nimwache nani?" alisema.

Zilpah naye aliwatazama watoto.

Alipotaka kuondoka alitoa leso. Mellen aliitambua, akaijaribu begani, akasema imekaa kama mpya, ulikuwa unaiogopa? Walicheka hapo, kicheko chao cha zamani, mpaka yule mtoto akaamka. Mellen alimsindikiza polepole mpaka barabarani, akivuta mguu, akikataa kuambiwa arudi. Walikubaliana kwamba watakutana Isebania, sokoni, kila baada ya mavuno.

Zilpah alikuwa amedhani kwamba akimwona Mellen moyo utatulia. Haukutulia. Miaka yote ile alikuwa amemkumbuka Mellen wa barazani, mwenye sauti kubwa na ndizi. Sasa alimkumbuka na huyu wa pili, na njia ya kilimani, na mlango wa jiko lile, na alijua kila asubuhi ni saa ngapi yule rafiki yake anainama shambani. Alimwambia Job kwamba kabla ya safari alikuwa na kiu tu, na sasa ana kiu na anajua kisima kiko wapi.

Walikutana Isebania mara mbili. Walikaa nyuma ya vibanda vya mitumba, wakala viazi vya kuchemsha, wakaongea mpaka magari ya mwisho. Mara ya tatu, mwaka wa 1998, Mellen hakuja. Zilpah alikaa mpaka soko likaanza kufungwa. Ndipo akamwona Mwikwabe akivuka barabara na mzigo wake wa ngozi, akamkimbilia.

"Ni mzima," mzee alisema kabla hajaulizwa. "Watoto wana surua, hawezi kuwaacha. Amesema usikasirike. Amesema mavuno yajayo."

"Mwambie sijakasirika."

"Nitamwambia."

"Mwambie Homa Bay wameongeza chumba. Mwambie..." Zilpah alisita. Mzee alingoja kwa subira, mzigo begani. "Mwambie mama yangu alimuulizia kabla ya kufa. Sikumwambia nilipokuja kwake. Mwambie alisema, yule wa miguu yuko wapi?"

Mwikwabe aliyarudia maneno hayo polepole ili asiyapoteze, akaenda zake kuelekea Sirare. Zilpah alimtazama mpaka alipochanganyika na watu wa mpakani. Kisha akanunua ndizi mbivu, akapanda gari la Migori. Kulikuwa na wanawake wanaomngoja nyumbani, na mmoja wao, alivyomwona asubuhi, hakuwa na siku nyingi kabla ya kujifungua.